Chachu Iliyovuka Arobaini

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi. Kule Bwawani, ng'ambo ya reli, kuna mtoto alipuliza mshumaa, mshumaa ukakataa kuzimika. Na si kukataa tu. Moto ulimrudia, ukamlamba uso, ukaondoka na kope na nyusi.

Aliyeuleta ni Mama Tulizo, Mhehe aliyeolewa hapa Sakamwela, mtu ambaye hajawahi kusimulia habari bila kuiongezea mkia. Kwa hiyo jirani yake na mtani wake wa Kigogo, Leya Chidawali, alicheka. Leya alikuwa kwenye kibanda cha chachu cha Mtaa wa Machinjioni, mkono umezama pipani hadi kwenye kiwiko, akikoroga maganda ya ndizi na samadi.

"Mtani wangu," akasema, "nyie mbwa akibweka mnaona kitoweo. Leo mshumaa umewaka mnaona jini?"

"Cheka tu. Mgogo hucheka mpaka kibuyu kipasuke, ndipo aulize maji yamekwenda wapi. Mtoto wa miaka saba, Leya. Amelazwa, uso umefungwa bandeji."

"Kwa mshumaa?"

"Kwa pumzi yake mwenyewe."

Leya alitaka kujibu lakini mnara wa hewa ukamkatisha. Kila mtaa wa Sakamwela una mnara wake, mrefu kama mnazi, na kila asubuhi hunusa hewa kisha hutangaza ulichokuta, kwa sauti ya mwanamke mtulivu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. "Machinjioni. Moshi, sifuri. Leo ni siku ya elfu moja na themanini na sita. Hongereni." Wanawake waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao wakapiga vigelegele kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia amina.

Zilibaki siku tisa kutimia miaka mitatu. Siku ya tisa wageni wangekuja kutoka ofisi za jiji na kutoka miji mingine, na Machinjioni ingekuwa mtaa wa kwanza nchini kupewa cheti cha mtaa usio na moshi.

Isidhaniwe kwamba cheti kile kilikuwa karatasi tu. Zamani, jiji lilipopiga marufuku mkaa, lilipiga marufuku kisha likakaa, na watu wakapika kwa kujificha. Mara ya pili likawa na busara. Liliwaambia watu wa mitaa: leteni akili zenu, sisi tutaleta vifaa. Mafundi wa Machinjioni wakapewa banda la zamani la kuchinjia ng'ombe, wakaliezeka kwa mabati meusi yanayokunywa jua na kusukuma maji, wakachomelea majiko yao wenyewe humo. Maabara ya jiji nayo ikaleta chachu.

Chachu ni vidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyotengenezwa na wataalamu. Samadi ya kawaida huchukua wiki nyingi kutoa gesi. Chachu ukiitia kwenye mtungi wa nyumbani na kuilisha maganda asubuhi, mchana unachemsha maharage. Ikiwa hai inanukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Na wataalamu waliiwekea kikomo: ikifika siku ya arobaini inakufa yenyewe, ili isije ikazagaa isikotakiwa. Gari la jiji linakuja, linaleta nyingine, maisha yanaendelea.

Mpaka mwaka jana mvua zilipobomoa daraja. Gari halikuja siku kumi na tatu. Mitungi ikaanza kukata roho nyumba baada ya nyumba, na watu wakaanza kutazama miti. Ndipo Leya, mwanamke aliyeishia darasa la saba, alipofanya kile mama yake alichokuwa akifanya kwa maziwa mgando. Alichota chachu iliyokuwa taabani, akaiweka kwenye kibuyu kilichofukizwa, akaimiminia maziwa ya uvuguvugu, akakitundika. Siku ya tatu chachu ilikuwa hai. Siku ya arobaini na moja ilikuwa hai. Siku ya themanini ilikuwa hai, tena ina nguvu kuliko ile ya gari.

Jiji lilimpa sifa zake. Wakamfanya mlezi wa chachu wa mtaa, wakampiga picha na kibuyu chake, wakaichapa kwenye kijitabu cha mafunzo, na mitaa mingine thelathini na tisa ikaiga. Bwawani ikiwamo.

Ndiyo maana alipomaliza kucheka, kicheko hakikwenda mbali. Alinawa mikono, akaenda nyumbani, na uvumi ukaenda naye kama inzi aliyenusa damu.

*

"Mama, ugali umebaki?"

Nyemo alikuwa na miaka tisa na alikuwa kwenye sahani ya nne. Alikula kama mtu aliyetoka jela. Lakini mikono yake ilikuwa myembamba kama mwiko, na tumbo lilimjaa kama ngoma. Leya alikuwa amempa dawa ya minyoo mara mbili. Alikuwa amemwambia mumewe, anayechomelea majiko pale bandani, kwamba mtoto anarefuka, watoto wakirefuka hukonda. Mama akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Alimwinamia kumfuta mdomo kwa pembe ya kanga. Akasimama palepale, kanga mkononi.

Ulikuwa mwezi wa tisa, vumbi limetanda, hakuna aliyeona hata wingu tangu mwezi wa nne. Na kinywa cha mtoto wake kilinukia mvua ya kwanza.

"Umekula udongo?"

"Mimi? Udongo wa nini?"

"Pumua. Huu! Hivyo."

Ilikuwa harufu ya mtungini, isiyo na shaka.

Leya alitoka nje, akakata bua la jani la papai, lile lenye tundu katikati ambalo watoto hupulizia mapovu ya sabuni. Lilikuwa refu kama mkono. Akafunga jiko la gesi, akafungua madirisha na mlango, akamkalisha Nyemo kwenye kigoda. Aliwasha njiti ya kiberiti, akaishika kwenye ncha ya mbali ya bua.

"Puliza. Polepole sana."

"Ni mchezo?"

"Ni mchezo."

Nyemo akapuliza. Njiti ikapata ulimi. Moto uliruka, ukawa wa zambarau kama ua la viazi, ukasimama hewani muda wote ambao pumzi ilidumu, ukanguruma kidogo. Pumzi ilipokwisha ukarudi kuwa njiti ya kawaida, ukamchoma Leya vidole.

"Mama!" Nyemo alipiga makofi. "Tena!"

Leya alikaa chini sakafuni. Hakuhitaji mtu wa kumweleza ilivyotokea. Chachu ikilelewa kwenye kibuyu huzama chini. Juu hubaki maziwa, mazito, yenye moshi wa kibuyu na utamu fulani usio na jina. Na kwao maziwa hayamwagwi. Ukimwaga maziwa umemtukana ng'ombe, na ng'ombe aliyetukanwa hukauka. Hakuna mama wa Kigogo aliyewahi kulifikiria hilo mara mbili, kama ambavyo mtu hafikirii kabla ya kupepesa macho. Leya aliyachuja maziwa yale ya juu, akamlisha mwanawe kwa ugali wa uwele mwaka mzima, na yaliyobaki akakomba mwenyewe.

Tena si hapa tu. Alipoitwa kufundisha, alisimama mbele ya wanawake wa nyumba thelathini na moja za mtaa huu akasema, kwa kinywa chake: "Na maziwa ya juu, mabinti zangu, msiyamwage."

*

Mhandisi Revina, aliyeitengeneza chachu, alimpokea kesho yake asubuhi kwenye maabara ya jiji. Alikuwa mwanamke mdogo wa umri, miwani mikubwa, mtu ambaye akifikiri hung'ata kifuniko cha kalamu. Leya alisimulia yote bila kupumzika. Alipofika kwenye maziwa, kalamu ikatoka mdomoni.

"Mliyanywa?"

"Tuliyanywa."

"Bi Leya, yale ni maji ya kulelea vidudu. Ni ya kumwaga!"

"Kitabu chenu kiliandika wapi kwamba ni ya kumwaga?"

Revina alifungua kabati, akatoa kijitabu kile chenye picha ya Leya na kibuyu, akakipitia ukurasa kwa ukurasa. Alipofika mwisho alianza tena mwanzo.

"Hatukuandika," akasema. "Nani angeyanywa?"

"Nani angeyamwaga?"

Nje mashine fulani ilikuwa ikikoroga kitu, tiki-tiki, tiki-tiki.

Ikabidi Revina akiri. Mtoto wa Bwawani yupo kweli. Wengine wawili wa mtaa wa Mnadani, ambao hawajaungua lakini pumzi zao zimepimwa, wapo pia. Chachu ya gari haiishi tumboni, inakufa siku hiyohiyo. Lakini iliyopita kwenye maziwa, kibuyu hadi kibuyu, imejifunza maziwa, imejifunza joto la mwili, imesahau arobaini yake. Ikiingia tumboni inakula kabla ya mwenye tumbo kula.

"Inaua?"

"Mtoto aliyeshiba inamkondesha. Mtoto mwenye njaa..." Akaigeuza kalamu mkononi. "Dawa ipo. Tulijitengenezea sisi wa maabara, kama mmoja wetu angemeza kwa bahati mbaya. Siku kumi, kijiko asubuhi na jioni, inaisha yote. Chupa moja kwa mtu mmoja. Tunazo sita. Watoto hawa watatu nimeshawatengea zao."

"Nyingine?"

"Nyingine ni lazima niombe. Na nikiomba ni lazima niandike kwa nini." Alivua miwani. "Nikiandika, kesho yake mitungi yote ya mitaa arobaini inafungwa. Sikiliza, mama. Masika ya mwisho kabla ya chachu, jiji hili lilizika watoto mia mbili na wanne wa kifua. Wa moshi. Masika iliyopita, kumi na mmoja. Mimi hesabu hii naiota."

Leya hakuhitaji kuiota. Mmoja wa wale mia mbili na wanne alikuwa Yohana, mdogo wake Nyemo, miezi kumi na moja, aliyefia mgongoni mwake njiani kwenda zahanati, na mpaka leo mgongo unakumbuka uzito ulivyobadilika.

"Nipe miezi mitatu," Revina akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nitaitengeneza dawa kidogo kidogo. Nitaitia kwenye dawa ya minyoo ya shuleni. Hakuna atakayejua, hakuna mtungi utakaofungwa, hakuna moshi utakaorudi. Vijitabu nitavibadilisha kimyakimya. Wewe chukua chupa hii. Mwanzishie mwanao leo."

"Na wa wenzangu? Miezi mitatu?"

"Wazuie tu wasikaribie moto."

"Watoto? Wasikaribie moto?"

Revina aliisukuma chupa mezani. Ilikuwa ndogo, ya kahawia, ya kawaida kabisa.

Leya aliichukua. Ni vizuri kulisema hili wazi, maana baadaye yeye mwenyewe alilisema wazi. Aliichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nayo nyumbani.

*

Siku ya nne ya dawa Nyemo alibakiza chakula. Ugali robo sahani, mchicha haujaguswa, akasema ameshiba akakimbilia nje kucheza. Leya aliitazama sahani ile akalia kwa furaha. Kisha akaufunga mlango wa jikoni, akanawa uso, kwa sababu Mama Tulizo alikuwa akibisha hodi.

"Jirani, una ukoko?" Mama Tulizo alisimama na Tulizo, msichana wa miaka sita, amemshika mkono. "Huyu mtoto wangu nadhani nyie mmemloga. Kawa Mgogo kamili, anapita nyumba kwa nyumba anaomba. Jana kala kwa Mama Hosea, kala kwangu, kala kwa bibi yake, halafu nikamkuta anatafuna makombo niliyowamwagia kuku."

Leya alicheka. Alilazimika kucheka, ndivyo watani wanavyofanya. Alikwangua sufuria, akampa Tulizo ukoko wote, na mtoto aliupokea kwa mikono miwili myembamba. "Asante, mama mkubwa." Harufu ya mvua ikapita kati yao.

"Mpe na maji, ukoko usimkabe," Mama Tulizo alisema. Kisha akatazama mezani. "Eh. Wako siku hizi anabakiza?"

"Leo tu. Joto."

"Heri yako."

Chupa ilikuwa nyuma ya kopo la chumvi, hatua tatu kutoka alipo Tulizo. Leya alijisogeza akasimama mbele yake. Hakujua kwa nini alisogea, kwani hata kama ingeonekana ingeonekana dawa ya kikohozi tu. Lakini mwili wake ulijua kwamba ni mwizi.

Alipowafungia mlango alihesabu kwa vidole nyumba alizozifundisha. Alijua majina ya watoto wote. Aliwajua kwa sababu wengi wao aliwashika siku walipozaliwa.

*

Siku ya elfu moja na tisini na tano kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na ngoma. Leya alipewa kiti jukwaani kama mlezi wa chachu, amevaa gauni jipya la kitenge alilopewa na kamati. Revina alikuwa kiti cha nne, hamtazami. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Mhembano, alikuwa ametokwa na jasho la furaha.

"Wageni waheshimiwa!" akasema kwenye kipaza sauti. "Leo tumewaandalia jambo. Tumekusanya koroboi arobaini kutoka nyumba zetu, zile taa za mafuta zilizotuchoma macho miaka yote. Watoto wetu arobaini watazizima, zote kwa pamoja, kwa pumzi zao safi. Moshi, kwaheri!"

Watu wakapiga makofi. Leya hakupiga.

Watoto walikuwa wameshapangwa. Mistari minne, sare nyeupe, kila mmoja ameshika koroboi inayowaka kifuani, karibu na kidevu, kama walivyofundishwa. Utambi ulitoa masizi membamba. Mstari wa mbele, wa tatu kutoka kulia, Tulizo, amesukwa vizuri, anatabasamu hadi gego. Wengine Leya aliwahesabu bila kutaka: wa Mama Hosea, pacha wa fundi cherehani, mjukuu wa Mhembano mwenyewe. Nyemo hakuwa miongoni mwao. Leya alikuwa amemwacha nyumbani kwa kisingizio cha homa. Wake alikuwa salama.

"Nikihesabu tatu!" Mhembano alisema. "Moja!"

Alimtazama Revina. Revina alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili na alikuwa hatikisiki.

"Mbili!"

"MSIPULIZE!"

Hakujua kama ni yeye aliyepiga kelele mpaka alipojikuta ameshuka jukwaani, kiatu kimoja hakipo. Alimpokonya Tulizo koroboi. "Wekeni chini! Wote! Chini, nyuma, mbali!" Watoto wanamjua mama mkubwa Leya akiwa hatanii. Waliweka chini. Wawili wakaanza kulia.

"Leya, una wazimu?" Mhembano alinong'ona, kipaza sauti kikakikuza kinong'ono chake mpaka nyuma ya turubai. Watu wakacheka kwa wasiwasi. "Dada yangu, usituaibishe mbele ya wageni."

"Mwenyekiti, ngoja. Nitaizima mimi. Tazameni tu."

Hakuna aliyekuwa amempima. Chupa ilikuwa moja na aliyeinywa ni Nyemo. Aliishika ile koroboi mkono ukiwa umenyooka mbele yake kadiri ulivyofika, akavuta pumzi, akapuliza.

Moto ulitoka kwenye utambi kama kitu kilichokuwa kikisubiri kuitwa. Ukawa wa zambarau, mrefu kuliko mkono wake, ukaja mpaka usoni. Alisikia nywele zake mwenyewe zikilia chiriri. Koroboi ikaanguka. Mtu mmoja alimmwagia maji ya kunywa ya wageni.

Aliposimama hakuwa na nyusi, na uso ulimwaka kama aliyepakwa pilipili. Hakuna ngoma iliyokuwa ikilia. Alizungumza bila kipaza sauti na wote walimsikia.

"Ni chachu ya kibuyu. Niliyowafundisha mimi. Iko kwenye maziwa ya juu, na mimi ndiye niliyewaambia msiyamwage. Watoto wenu hawana minyoo. Wanayo hii. Na dawa ipo. Nilipewa chupa moja. Leo ni siku ya tisa nampa Nyemo. Nyie sikuwaambia."

Hapo ndipo alipomtafuta Mama Tulizo kwa macho. Afadhali asingemtafuta. Mtani wake alikuwa amempakata Tulizo, amemfunika kinywa kwa kiganja kana kwamba pumzi ingemtoroka, na alikuwa anatazama si uso wa Leya ulioungua bali mikono yake.

"Siku ya tisa," Mama Tulizo akasema polepole. "Nilikuja kwako kuomba ukoko."

"Ndiyo."

"Ukampa ukoko."

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada."

Mgeni mmoja mwenye suti aliuliza kwa hasira nani mtaalamu hapa, nani alijua. Kiti cha nne jukwaani kikasogea, na Mhandisi Revina akasimama. "Mimi," akasema. "Nilijua. Nilimwambia anyamaze."

*

Mitungi ilifungwa Jumatano, mitaa yote arobaini. Maafisa walipita na nyundo na dawa nyeupe ya kuulia, na vibuyu vikachomwa uwanjani, vingine vilikuwa vya bibi za bibi zao. Jioni ileile moshi wa kwanza ulipanda nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Kisha mwingine. Leya alisimama dirishani, usoni amepakwa mafuta, akasikia kikohozi kidogo cha mtoto mchanga nyumba ya pili, akakishika kichwa chake.

Watu walimwambia mengi. Wengine walimlaumu kwa kufundisha, wengine kwa kunyamaza, na wengine, ambao ndio waliomuumiza zaidi, kwa kusema. "Si ungeacha tu? Tungekufa tumeshiba," alisema mzee mmoja. Baba Nyemo alirudi bandani na mafundi wenzake, bila kuambiwa na mtu, kutafuta jinsi ya kufanya mabati meusi yachemshe sufuria badala ya kusukuma maji tu. Walichoma sufuria tatu na kidole kimoja. Walikuwa hawajafaulu bado.

Dawa ilikuja siku ya sita, katoni kwa katoni, kila chupa imeandikwa jina. Watoto mia nne na kumi na wawili walikutwa na chachu jiji zima. Mmoja wa Mnadani alikufa kabla dawa haijamfikia. Leya aliuliza jina lake. Alikuwa anaitwa Mbeleje.

Revina hakuwa tena mkuu wa maabara, lakini hawakumfukuza. Alikuja Machinjioni kwa miguu, na badala ya kuitisha mkutano aliomba kigoda, akakaa jikoni kwa Leya kutwa nzima, halafu kwa Mama Hosea, halafu kwingine, akitazama tu wanawake wanavyoosha, wanavyochuja, wanavyokomba. Siku ya mwisho alitoa karatasi.

"Kitabu kipya, cha siku mitungi itakapofunguliwa tena," akasema. "Sema, mimi nitaandika."

"Kalamu lete. Darasa la saba tulifundishwa kuandika."

Kabla haijaenda kuchapwa, Leya alivuka ua akaibeba karatasi mpaka kwa Mama Tulizo. Hakukaribishwa ndani. Mama Tulizo aliisoma amesimama mlangoni, mdomo ukitembea, Tulizo nyuma yake akichezea vifungo vya gauni lililoanza kumbana. Alipofika chini aliirudisha.

"Hujaandika la mwisho," akasema, akafunga mlango.

Leya alikaa palepale kizingitini, karatasi gotini, akaliandika.

MAMBO YA KUEPUKA

Usinywe maziwa yaliyokaa na chachu. Yamwage. Ng'ombe atatusamehe.

Usiweke chakula kwenye chombo kilichowahi kubeba chachu, hata ukikichemsha.

Usiivushe chachu arobaini yake. Ikifa, iache ife.

Usimpe mtoto dawa ya minyoo mara ya tatu kabla hujamnusa kinywa.

Usimruhusu mtoto kupuliza moto wowote kabla hajapimwa.

Usiingize mkaa ndani kwa sababu ya hasira. Kama huna budi, pika nje, mtoto awe upande upepo unakotoka.

Usipokee kitu kipya jikoni kama aliyekileta hajakaa akaona unavyopika.

Usifundishe wenzako jambo ambalo wewe mwenyewe hujaona mwisho wake.

Usiogope kuharibu sherehe.

Usimponye wako peke yake.